Barua za sikukuu za wanangu, na grupu la ukoo

Kwetu hapakuwa na desturi ya mtoto kuandika barua ya kuomba zawadi ya Krismasi. Nilivyokulia mimi, sikukuu ilikuwa nguo mpya, pilau, soda ya chupa, na kanisa la asubuhi ukiwa umepakwa mafuta mpaka miguuni. Hukuulizwa unataka nini. Gauni lilinunuliwa kubwa kidogo ili na Pasaka likufae. Wanangu walizaliwa Dar es Salaam, tukahamia Dodoma wizara ya baba yao ilipohama, na wao wamelikuta jambo jingine: Baba Krismasi wa kwenye katuni, wa kwenye televisheni, wa mlangoni mwa supamaketi. Huyo huandikiwa barua.

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye mwaka huu ataambiwa na mwanawe, "Mama, nipe simu nimwandikie Baba Krismasi," au atakayesikia ndugu wakisema watoto waandike, ukoo utatimiza. Sisi tumeshapita huko.

Wazo lilitoka kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu mwenye moyo mzuri na vidole vyepesi kwenye simu. Alituma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo: safari hii watoto waandike wenyewe, barua zipandishwe humu, kila mtu achague mtoto wa kumtimizia. Watu wakaitikia. Ndugu wametawanyika, wengine Dar, wengine Mwanza, wifi yangu yuko Muscat anafanya kazi za ndani, na grupu ndiyo sebule pekee tunayokutana wote. Sikuona ubaya wowote, na hata leo sisemi wazo lilikuwa la kijinga.

Nyumbani tuna watoto watatu: binti yangu, wakati ule darasa la tano; mdogo wake wa kiume, darasa la pili; na mtoto wa wifi, miaka tisa, tunayekaa naye tangu mama yake asafiri. Waliandika wakiwa mezani, jioni, mvua za kwanza zikiwa zimeshatia tope mtaa mzima wa Nkuhungu.

Binti yangu alifuata alivyofundishwa shuleni. Anwani juu upande wa kulia, na kwa kuwa nyumbani hatuna sanduku la posta akaweka S.L.P. ya shule. "Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kuomba kishikwambi." Akamaliza na "Sina mengi, ni mimi mwanenu mpendwa." Mdogo wake hakuwa na muda wa salamu: "Naomba baskeli ya gia. Na baba asilale sebuleni." Mtoto wa wifi aliandika mstari mmoja: "Mimi nataka mama aje Krismasi nisipewe kitu kingine."

Mume wangu alizipiga picha mbele na nyuma akazituma asubuhi akiwa kwenye daladala. Hakuzisoma mpaka mwisho.

Ndiyo, mwezi ule alikuwa akilala sebuleni. Sababu ni zetu. Ila kufikia saa sita mchana zilikuwa za ukoo, na kufikia jioni zilikuwa za watu wengine, kwa sababu binamu mmoja alizipenda barua za wanangu akaziweka kwenye status yake na emoji za kicheko. Kesho yake nikiwa gengeni nanunua nyanya, mama mmoja ambaye hatuna hata mazoea akaniuliza kwa upole kama tumeshapatana. Nilimjibu tumepatana. Nyanya nilizisahau palepale.

Lakini aibu ya watu wazima hupita. Kilichonisumbua zaidi ni dole gumba.

Mwanangu alikuwa akiomba simu kila baada ya kula ili aone nani amejibu barua yake. Majibu yalikuwa mioyo, mikono ya kupiga makofi, "Amina", "Jamani mtoto huyu!", na madole gumba. Akanijia amefurahi: "Mama, baba mkubwa ameweka dole. Baiskeli nimepata." Nikamwambia dole maana yake ameona tu. Akanitazama kama ninayemnyima makusudi. Mtu umemwomba kitu, kakunyoshea dole juu, wewe utaelewaje? Sisi wakubwa tumezoea kuitumia alama hiyo kufungia mazungumzo, kumwambia mtu nimesikia niache. Mtoto aliyeomba anaisoma kuwa ni ndiyo. Akaanza kuzihesabu. Akaniambia baiskeli zitakuwa nyingi, moja atampa rafiki yake.

Kumbe kila aliyesoma aliamini mwingine ameshachukua. Baba mkubwa alidhani ni baba mdogo, baba mdogo alidhani ni shangazi wa Mwanza, shangazi alikuwa ameahidi elfu thelathini "mwisho wa mwezi". Katika wasomaji zaidi ya arobaini, hakuna aliyekuwa na deni la kujibu. Wiki ya Krismasi ilipofika, fedha iliyoingia kwenye simu yangu kutoka ukoo mzima ilikuwa 60,000. Baiskeli ya mtoto, ya gia kweli, tuliipata soko la Sabasaba kwa 165,000 baada ya kubishana sana. Kishikwambi hakikununuliwa. Binti yangu hakulalamika, na hilo liliniuma kuliko angelalamika.

Kuhusu mtoto wa wifi, niseme kwa kifupi kwa sababu bado ni kidonda. Mama yake alikuwa mwanagrupu. Aliikuta barua ya mwanawe katikati ya vicheko na stika za Krismasi, baada ya watu kadhaa kuandika "maskini". Usiku ule alijitoa kwenye grupu. Hakupiga simu mpaka Januari, na alipopiga aliniambia sentensi moja ambayo nimeibeba mpaka leo: "Wifi, mwanangu aliniandikia mimi, nyie mkawasomea watu."

Halafu ikaja ile status kutuzalia mambo. Siku chache baada ya picha kusambaa nilipata ujumbe kwamba binti yangu, kwa jina lake kamili, amechaguliwa kupewa kishikwambi, nitume 15,000 ya usafirishaji. Jina kamili na jina la shule vilikuwa kwenye barua, vimeandikwa vizuri kama mwalimu alivyoelekeza. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshausoma. Kumweleza kwamba ni tapeli ilikuwa kazi, maana kwake ndiyo lilikuwa jibu la kwanza lenye jina lake. Ukipata ujumbe wa aina hiyo usijibu, usipige. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu; utaulizwa namba iliyokutumia, uiandike. Na ukiwa hapohapo bonyeza *106# uhakikishe hakuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Binti mwenyewe akaamua kuuruka ukoo na kwenda kwa Baba Krismasi moja kwa moja. Nilimkuta kwenye tovuti moja yenye theluji inayodondoka, ameshajaza jina, umri, mtaa na shule, amefika mahali pa barua pepe. Mwishoni walikuwa wanataka malipo kwa kadi ili aletewe cheti. Tuliifunga pamoja. Sikumgombeza, maana alijaza fomu vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowahudumia kazini.

Usiku huo nilianza kusoma wale ambao desturi hii ni yao wanafanyaje, na hapo ndipo nilipopata akili. Ufaransa, posta yao ina ofisi maalumu ya kujibu barua hizi tangu 1962, iko mji wa Libourne. Kanada wamempa Baba Krismasi msimbo wake wa posta, H0H 0H0, ukiusoma ni kicheko chake. Kote huko mtoto akiandika, kuna mtu ambaye kazi yake ni kujibu.

Marekani ndiko kulikonifundisha zaidi. Tangu 1912 posta yao iliruhusu wafanyakazi na wananchi kuchukua barua za watoto na kuzijibu. Ilikwenda hivyo kwa miongo mingi kwa kuaminiana. Mwaka 2008 mfanyakazi wa posta alimtambua mtu aliyekuwa amechukua barua: alikuwa kwenye daftari la waliopatikana na hatia za makosa ya kingono. Mpango ukasimamishwa nchi nzima, na uliporudi majina ya ukoo na anwani vilikuwa vimefichwa. Sasa barua hizo ziko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzisoma, lakini anayetaka kutimiza anathibitishwa kwanza yeye ni nani, anaipeleka zawadi posta, na posta ndiyo inayojua nyumba. Mtoaji haijui. Nilisoma hayo nikaikumbuka picha yetu iliyokuwa na jina, shule na darasa, kwenye status ya mtu mwenye namba za watu mia kwenye simu.

Mwaka uliofuata tulibadilisha. Shemeji alinuna kidogo, kisha akaja kuwa mtetezi mkubwa kuliko mimi.

Kwanza, kila mtoto alikuwa na msomaji mmoja, mtu mzima anayemjua kwa sura, na jina lake likaandikwa juu ya barua. Kwenye grupu hapakupanda picha wala mwandiko. Aliyekubali kuwa msomaji aliandika tu "nimemchukua fulani", basi, na wengine wakanyamaza. Pili, msomaji alitakiwa kumjibu mtoto kabla ya kununua chochote, kwa mkono wake au kwa sauti yake, na ruhusa ya kusema hapana alikuwa nayo. Mume wangu aliogopa hili la hapana. Nami nilikuwa nimeshaona mtoto anavyozungushwa na madole gumba.

Fedha tuliitaja kabla ya kalamu kushikwa: 40,000 kwa mtoto, na anayetaka cha zaidi aanze kuweka kwenye kibubu. Nilidhani ingewavunja moyo. Walikaa wakipiga hesabu kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kufanya kazi ya nyumbani ya shule.

Na tukagawa karatasi mbili. Moja ya vitu, nyingine ya mengine. Hiyo ya pili ni ya yale yasiyouzwa dukani, inakunjwa, anapewa mzazi mmoja anayemchagua mtoto, haipigwi picha, haijadiliwi mezani. Ikiwa utachukua jambo moja tu humu, nakusihi uchukue karatasi ya pili. Watoto wakipewa nafasi ya kuomba hawaombi vitu peke yake, na ukishawaambia waandike, ujiandae kusoma. Kwa jirani yetu mmoja, karatasi ya aina hiyo ilitaja jambo zito la mtu mzima anayemtisha mtoto. Wazazi walipiga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, wakaelekezwa pa kwenda. Sitasema zaidi.

Mwanangu alimchagua bibi yake aliyeko Mvumi. Tukaenda nao Posta mjini, mara yao ya kwanza kuingia. Wanapita pale kila siku wakidhani ni benki. Karani aliwaonyesha visanduku, akawaeleza kwamba kwetu barua nyingi huja kwenye sanduku, wewe ndiye unayeifuata. Bibi hana sanduku, barua zake hupitia S.L.P. ya kanisa. Stempu ikabandikwa kwa ulimi na furaha kubwa. Ikakaa huko, maana mwenye ufunguo hashuki mjini mara kwa mara, na msimu ule wa kulima ndiyo kabisa. Tukaandika nyingine tukampa kondakta wa basi la Mvumi pamoja na 2,000, ikafika jioni. Kwa hiyo kama unataka posta, na mimi nakushauri watoto waione ingali hai, tuma mwanzoni mwa Novemba. Denmark walikuwa na posta ya barua tangu 1624, na mwishoni mwa 2025 posta yao iliacha kupeleka barua.

Jibu la bibi lilirudi kwa kondakta yuleyule, ndani ya mfuko wa karanga na ubuyu. "Mbukwa mjukuu wangu. Baiskeli unayo. Mpira wa miguu nitakununulia, lakini si Krismasi, ni nikishauza karanga. Mwambie baba yako paa la jikoni linavuja." Mwanangu aliisoma barua ile kwa kila aliyeingia nyumbani, na mpira alikuwa hajaupata. Ulikuja Juni. Hakuuliza hata mara moja katikati.

Mtoto wa wifi aliandika tena kwa mama yake. Safari hii alisoma barua yake kwa sauti kwenye simu yangu, tukaituma kwake peke yake, na kabla ya kutuma nilimpigia wifi nikamwambia ajipe nafasi. Alijibu kwa sauti ndefu. Alimweleza mwanawe kwamba mkataba ni wa miaka miwili, unaisha mwezi wa nane, kwamba Krismasi hatakuja, na kwamba hilo analisema yeye mwenyewe asije akalisikia kwa mtu. Mtoto alilia sana. Baadaye akauliza kama huko wanapika pilau. Wifi hajarudi kwenye grupu, na hakuna anayemlazimisha.

Kanisani nako waliposikia, watu wa shule ya Jumapili wakataka watoto wote waandike, na wakapanga kuziweka barua na picha za nyuso kwenye ukurasa wa mtandaoni ili wafadhili wajitokeze. Nilisimama nikaeleza habari ya 2008. Nikawaambia pia kwamba Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Tulikubaliana kutumia namba. Kilichopanda kilisomeka hivi: "Namba 7, mvulana, viatu saizi 33." Wafadhili walikuwa wachache kuliko wangekuwa kama wangeona sura za watoto, nisikudanganye. Mwenyekiti wa kamati alinikumbusha hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka wa tatu binti yangu alikuwa amekua, na karatasi ikamchosha. Mara ya kwanza alinitumia linki za bidhaa tatu zenye bei, bila hata salamu. Nikamwambia hiyo ni oda, aniandikie. Ndipo akaiomba akili mnemba imwandikie barua kwa bibi, akainakili kwa mwandiko wake mzuri. Ilikuwa na "kwa unyenyekevu mkubwa naomba kuwasilisha kwako" na aya zilizonyooka. Bibi alisomewa na mjukuu mwingine huko kijijini, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Huyu karani ni wa wilaya gani?" Akairudisha.

Binti alikasirika. Alisema ile ya mashine ilikuwa nzuri kuliko angeandika yeye, na hapo sikuwa na la kubisha, ilikuwa nzuri. Baba yake akamweleza kwamba bibi anataka kujua jino lake lililopasuka kwenye netiboli lilipona vipi, na mashine haikuwa na habari za jino. Barua ya pili ilikuwa na makosa matatu ya herufi na jino lote. Bibi aliijibu kabla basi halijageuza.

Sasa tuko Novemba tena. Nimewaambia watoto barua ziwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Desemba bei za nguo pale Majengo hupanda kila siku, na Januari ni ada, sare na madaftari; fedha ya Krismasi iliyotumika bila mpango huonekana Januari. Shemeji ananiuliza kama mwaka huu anaweza walau kupandisha barua ya mwanawe mdogo, ambayo ni mchoro tu. Nimemwambia amuulize mtoto.

Na bibi ametutangulia. Juzi kondakta ameleta barua yake yeye, anaomba miwani mpya, na ameandika kwamba ajibu yule karani wa wilaya. Nimeulizia mjini: pamoja na kupimwa macho ni 45,000. Binti yangu amevunja kibubu, amekuta 12,400, na tangu jana anazunguka nyumbani akitafuta kazi ya kulipwa.